Ramadhani ya Kafyu: Ile Nusu Saa Kati ya Adhana na Makarao

Kama umefunga Nairobi mwezi huu, hiyo nusu saa unaijua. Adhana ya Magharibi inaingia karibu saa kumi na mbili na nusu. Kafyu inaanza saa moja. Hapo katikati unatakiwa ufungue swaumu, uswali, utie kitu tumboni, na kama bado uko njiani, ufike keja kabla makarao waanze kuuliza maswali na rungu. Watu wa Mombasa wamepata kabonasi kadogo kwa sababu jua lao linatua kama dakika kumi na tano mapema, lakini presha ni ile ile.

Leo ndiyo Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani 2020. Idi iko hapa, siku mbili tatu hivi, ni mwezi tu tunangoja uandame. Na kwa mwezi mzima tumelishwa stori moja: misikiti imefungwa, Waislamu wanaswali nyumbani, asanteni kwa kushirikiana. Stori hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu.

Nusu ya pili ni hii: swala haikufungwa. Swala ilihama tu, ikatoka msikitini ikaingia sebuleni. Kitu kilichofungwa hasa ni sahani. Ile futari ya bure ambayo kila mwaka ilikuwa inalisha watu ambao hakuna mtu anawahesabu. Na kwa kuwa Idi haijafika, kuna kitu wewe na mimi bado tunaweza kufanya. Tutafika huko.

Tulifikaje hapa

Turudi nyuma kidogo. Kesi ya kwanza ya korona Kenya ilitangazwa Machi 13. Machi 22, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akasimamisha ibada za mkusanyiko, kanisa kwa msikiti. Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mwanzo wa Aprili Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia hakuna kutoka, kisha Mombasa, Kilifi na Kwale zikafuata.

Wakristo ndio walitangulia kuonja. Pasaka ya Aprili 12 waliila nyumbani, misa kwa runinga. Ramadhani ilipoingia mwisho wa Aprili wengi tulidhani pengine kafyu italegezwa. Wapi! Aprili 25 Rais Uhuru Kenyatta akaongeza wiki tatu. Mei 16 akaongeza tena, mpaka Juni 6. Kwa hivyo mwezi wote, tangu uandame mpaka Idi, umeangukia ndani ya kafyu.

Sasa weka ratiba ya Ramadhani juu ya ratiba ya kafyu uone mambo. Isha: ndani ya kafyu. Taraweh: ndani ya kafyu. Daku: ndani ya kafyu. Alfajiri inaingia dakika chache tu baada ya kafyu kuisha. Huu ni mwezi ambao maisha yake yako usiku. Ukifunga usiku, umeufunga mwezi karibu wote.

Na usidhani makarao ni utani tu. Machi 30, siku tatu baada ya kafyu kuanza, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akafa akiwa kwa balkoni ya kwao Kiamaiko, wakati polisi walikuwa wanasimamia kafyu mtaani. Kiamaiko ni mtaa wenye Waislamu wengi. Mzazi wa huko hahitaji kuambiwa mara mbili asimtume kijana wake nje baada ya Magharibi kupeleka sahani kwa jirani.

Dini yenyewe haikuwa na shida

Kuna wasee walipandisha mori kwa mitandao wakisema kufunga misikiti ni imani kuwa ndogo. Wengine wakatuonyesha Tanzania, ambako misikiti na makanisa yaliachwa wazi. Sawa. Lakini angalia Makkah na Madina. Umra ilisimamishwa kabla hata Kenya haijapata kesi yake ya kwanza kutangazwa. Mwezi huu taraweh katika misikiti ile miwili mitukufu imeswaliwa bila umma, na rakaa zikapunguzwa zikawa kumi. Kama pale palifungwa, wewe na mimi ni nani?

Tena taraweh ni sunna. Mtume mwenyewe aliswali na watu msikitini siku chache, kisha akakaa nyumbani akihofia isije ikawa faradhi juu yao. Ni baadaye, zama za Khalifa Umar, watu walipokusanywa nyuma ya imamu mmoja. Na ni Umar huyo huyo aliyekuwa safarini kwenda Sham, akasikia kuna tauni huko, akageuza msafara. Mafundisho yako wazi: ukisikia ugonjwa uko mahali usiende, na ukiwa ndani yake usitoke ukaueneza. Hiyo ni lokdauni kabla neno lenyewe lizaliwe.

Upande wa afya pia haukuwa na utata. Shirika la Afya Duniani lilisema Aprili kwamba mtu mwenye afya anaweza kufunga kama miaka mingine. Mgonjwa ameruhusiwa na dini yenyewe kula na kulipa baadaye. Kwa hivyo kuswali nyumbani kulikuwa na jibu mapema. Masheikh walihamia Facebook na YouTube, wengine redioni, na mwenye bando alisikiza mawaidha mpaka akachoka. Kuna nyumba ambazo taraweh imeongozwa na kijana wa darasa la nane mwenye juzuu zake kichwani, babake na mamake nyuma yake. Hiyo ni kumbukumbu tamu hakuna mtu ataiondoa.

Shida iko kwingine.

Mkeka hauna orodha

Fikiria Ramadhani ya kawaida. Saa kumi na mbili jioni, nje ya msikiti, mikeka imetandikwa. Iwe ni Jamia katikati ya tauni, Majengo kule Pumwani, Makina kule Kibra, ama Eastleigh, yaani Isli kama wenyeji wanavyoiita. Tende, maji, uji, sambusa, kisha sinia ya wali ya watu wanne watano. Unakaa, unakula, unaswali, unaenda zako. Hakuna mtu anakuuliza kitambulisho. Hakuna anayekuuliza kama kweli ulifunga.

Nani hukaa pale? Soja wa usiku anayeingia zamu. Makanga. Mchuuzi ambaye siku haikulipa. Mwanafunzi ambaye doo ya kutoka ocha haijafika. Kijana wa mjengo anayelala kwa saiti. Chokoraa pia, na wengine si Waislamu hata. Kwa mtu anayepata mia nne kwa siku, mwezi mzima wa kula jioni bila kulipa ni kodi ya nyumba hiyo. Wanaotoa chakula wanajua thawabu ya kumfuturisha aliyefunga, anayekula anajua ameshiba, na kila mtu anaenda nyumbani na heshima yake.

Mwaka huu hiyo mikeka ilikunjwa. Na kusema ukweli, ilibidi. Wote tuliona Aprili 10 pale Kibra watu walivyokanyagana na kuumizana wakigombania chakula cha msaada. Huwezi kutandika mkeka wa watu mia tatu katikati ya korona.

Kamati za misikiti na watu wa kujitolea hawakulala. Wengi waligeuza futari ikawa pakiti: unga, mchele, mafuta, sukari, tende, mlango kwa mlango. Kazi safi, na wanaostahili sifa wapewe. Lakini hapa ndipo utofauti unaingia. Mkeka hauna orodha. Pakiti ina orodha.

Ili upate pakiti lazima mtu akujue. Uwe na mlango wa kubishwa, ama namba ya simu, ama jirani wa kukutaja kwa mzee wa mtaa. Mama wa watoto wanne aliyezaliwa Majengo atapata, na ni haki yake. Lakini soja, yule kijana wa saiti, yule aliyehamia Nairobi Februari kutafuta kazi kisha jiji likafungwa na yeye ndani, jina lake liko kwa orodha gani? Mtu ambaye mkeka ulikuwa unamkaribisha bila maswali ndiye pakiti inampita.

M-Pesa imesaidia, tusidanganyane. Tangu katikati ya Machi kutuma chini ya shilingi elfu moja ni bure, na watu wengi wametoa sadaka zao hivyo. Lakini M-Pesa pia ni orodha. Unamtumia mtu ambaye namba yake iko kwa simu yako.

Ongeza wale waliokuwa wanaishi kwa uchumi wa mwezi huu. Mama wa viazi karai na bajia. Muuza kaimati na mahamri. Muuza kahawa chungu na kashata, ambaye wateja wake ni wale mabuda wa kutoka taraweh wanaokaa barazani mpaka usiku wa manane. Biashara ya hao wote iko kati ya saa kumi na mbili na saa tano usiku. Kafyu iliwaachia lisaa limoja tu. Mwalimu wa madrasa naye, anayeishi kwa ada ya watoto na sadaka ya Ijumaa, ana miezi miwili hana watoto na hana Ijumaa.

"Kaa nyumbani" ni kwa nani?

Ukiambiwa kaa nyumbani, jibu linategemea nyumba. Kuna wasee wa South C wenye sebule ya kuswalia watu kumi na friji ya kuwekea sambusa za wiki mbili. Na kuna keja ya kumi kwa kumi ambayo kitanda, jiko na zulia la kuswalia vinagawana nafasi moja, na watoto wamo ndani tangu shule zifungwe Machi.

Kwenye hiyo keja, maji ni mtungi wa lita ishirini wa kununua. Udhu mara tano kwa siku, kuosha mikono kila saa, kupika, kuosha vyombo vya futari na vya daku. Na lazima uteke kabla ya saa moja, la sivyo utangoje mpaka asubuhi. Mitaa ambayo maji hutoka kwa mgao, hesabu hiyo haitoshi hata siku moja.

Sasa wacha tuongee kuhusu mathe. Miaka mingine, wanaume wengi walikuwa wanafuturu msikitini ama kazini. Mwaka huu wote wamerudi nyumbani saa moja na njaa yao. Mathe amefunga kama wewe. Anaingia jikoni saa tisa alasiri, anatoka saa tatu usiku, anaamka tena saa kumi kupasha daku. Wewe uko kwa kiti unauliza kama ukwaju umeisha.

Buda, kukunja sambusa hakuvunji swaumu. Kumenya waru hakupunguzi thawabu. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwasaidia watu wake kazi za nyumbani. Sunna ya kufungua kwa tende tunaikumbuka kila jioni. Hiyo nyingine tunaisahau kila jioni.

Na kuna yule ambaye hajafika nyumbani kabisa. Mat ya watu 14 inabeba wanane tu, nauli imepanda, na kuanzia saa kumi jioni Nairobi yote inakimbilia steji kwa mpigo. Mtu amefunga, amesimama kwa laini, adhana inampata hapo hapo. Anashusha maski, anatia tende mbili, funda la maji, anapandisha maski, laini inasonga. Hiyo ndiyo futari yake.

Isli na Mji wa Kale: kufungiwa ndani ya kufungiwa

Mei 6, Ramadhani ikielekea katikati, serikali ikafunga Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa. Hutoki, huingii, siku kumi na tano. Masoko, mikahawa na maduka makubwa ya nguo yakafungwa. Juzi, Mei 20, muda ukaongezwa mpaka Juni 6. Idi itawakuta ndani.

Tuwe waungwana: sababu ya kiafya ilikuwepo. Kesi zilikuwa zinapanda maeneo hayo, na wiki hii Kenya imevuka kesi 1,000. Virusi haviangalii kalenda.

Lakini angalia saa yenyewe. Wiki mbili za mwisho za Ramadhani ndizo mavuno ya Isli. Watu hutoka kila kona ya nchi kuja kubeba kanzu, abaya, viatu vya watoto na mapazia. Mfanyabiashara huchukua mzigo kwa deni mapema akijua atalipa kabla ya Idi. Mwaka huu mzigo uko stoo, deni liko pale pale, na yule dada wa duka anayelipwa kwa siku yuko keja hana siku ya kulipwa. Na ni haohao wenye maduka waliokuwa wakigharamia masinia ya futari mitaa mingine. Ukifunga mfuko wa Isli, sahani ya Majengo inapungua.

Kisha kuna hili jambo la watu kuogopa kupimwa. Ukiwa nje ni rahisi kusema hawa watu ni wakaidi. Ukiwa ndani unakumbuka Aprili 2014, ile operesheni ya Usalama Watch, maelfu walipokamatwa na wengi kuzuiliwa uwanja wa Kasarani. Mtu aliyechukuliwa usiku na serikali mwaka ule, ukimwambia leo serikali inakuja kumchukua kwa faida yake akae karantini, lazima asite. Imani ya watu haijengwi wiki ile unayoihitaji. Na ile tabia ya kumkwepa mtu kwa mat kwa sababu anakaa Isli, iacheni. Korona haina kabila wala haina mtaa.

Bado una siku mbili

Idi ya mwaka huu hakuna Sir Ali Muslim Club, hakuna uwanja wa Makadara. Masheikh wengi wamesema unaweza kuswali rakaa zako mbili nyumbani na familia. Luku utapiga, kanzu utavaa, picha utapigia kwa korido. Sawa.

Lakini kabla ya swala hiyo kuna zakatul-fitri, na mwaka huu ndiyo mkeka wa mwisho uliobaki. Ni kama kilo mbili na nusu mpaka tatu za chakula mnachokula kwenu, mchele ama unga, kwa kila kichwa nyumbani, mpaka mtoto mchanga. Familia ya watu watano ni kama kilo kumi na tano ukikadiria juu. Inatolewa kabla ya swala ya Idi, na unaweza kuitoa siku moja ama mbili mapema, yaani leo na kesho. Lengo lake ni moja: siku hiyo asikose mtu chakula.

Kama unatoa kupitia msikiti wako, fiti, endelea. Ila mwaka huu fanya na hili moja: tafuta mtu mmoja ambaye hayuko kwa orodha. Soja wa ploti yenu unamjua. Yule kijana wa mkokoteni anayekuletea maji unamjua. Mama wa viazi karai ambaye hujamwona tangu Aprili, muulizie. Usimngoje aje kuomba, kwa sababu mkeka haukuwahi kumwomba aombe. Mfikishie mapema, kabla ya jua kutua, ili asitoke usiku akakutana na rungu.

Watoto nao wanangoja mkono wa Idi. Hamsini moja moja kwa watoto wa mlango wa pili haitakuangusha, na kwao ndiyo Idi yenyewe.

Na wewe ambaye si Muislamu, usijifiche nyuma ya kisogo. Ile biriani ya jirani uliyokula Idi ya mwaka jana, na mwaka juzi, unaikumbuka vizuri. Pwani wana desturi yao: sahani ya jirani hairudi tupu. Mwaka huu pengine biriani haitakuja, kwa sababu jirani mwenyewe duka lake limefungwa. Basi usingoje sahani. Anza wewe.

Adhana ya leo ni saa kumi na mbili na nusu, kama jana. Kafyu ni saa moja, kama jana. Nusu saa ya kufungua mlango, kupiga hatua nne kwa korido, kubisha, kuweka sahani chini, kurudi nyuma mita moja na nusu, na kusema, "Karibu futari."